Kaunseling ya wanafunzi wa uchungaji hapa Tudor, Mombasa: bei, vyumba, na ile fomu ukurasa wa pili

Naanza na bei manake najua ndo swali la kwanza. Sesheni ya mtu mmoja ni dakika hamsini, 2,500 kwa mtu wa kawaida, ukionyesha kitambulisho cha chuo cha biblia unalipa 1,000, mpesa, na risiti wanakuandikia kwa mkono bila wewe kuomba. Ya kikundi ni 300 kwa kila mtu lakini lazima muwe sita kwenda juu. Hamna ada ya kufungua faili. Kuna pahali kwengine hapa mjini niliitishwa 1,500 ya faili tu kabla mtu hajaniuliza naitwa nani, nikashuka ngazi zangu polepole nikaenda. Jina la hapa siliweki wazi, chuoni kwetu tuko wachache na akijulikana kaunsela nimejulikana na mimi, anayelitaka aniulize pembeni.

Pako Tudor, gorofa ya pili, ukitoka Kisauni ama Bamburi unashuka Buxton unachukua tuktuk, ama unatembea kama jua si kali. Chini kuna cyber na saluni. Hiyo cyber imetusitiri wengi, manake ukikutana na mtu wa kanisani pale kwa ngazi unamwambia umekuja kuprinti notsi za homiletiki (somo la kuhubiri), naye anakwambia amekuja kutoa kopi ya kitambulisho, mnapeana mkono, Bwana asifiwe, Amina, halafu kila mtu anasubiri mwenzake aondoke ndo apande. Siku moja nilisubirishana hivo na mzee mmoja wa kanisa mpaka mwenye cyber akatuuliza nyinyi mwataka kompyuta ama hamtaki.

Sasa, mtu wa nje atauliza mwanafunzi wa uchungaji anatafuta nini kwa kaunsela, si ana Mungu. Wenye mmepita chuo cha biblia mwajua tunavyosalimiana. Mtumishi, habari? Nabarikiwa. Umelala njaa, nabarikiwa. Karo haijalipwa na umeitwa ofisini, nabarikiwa sana. Umepigiwa simu nyumbani mama amelazwa, niombee kidogo mtumishi lakini Mungu ni mwaminifu, na hiyo lakini inakuja mbio kabla mtu hajauliza mama anaumwa nini. Sisemi ni unafiki, wengi wetu twamaanisha kabisa. Ila kuna mambo yanakuingia mwilini na hayatoki kwa kukiri ushindi, na chuoni hayana pa kuwekwa. Ukilia kwenye ibada wakati wa sifa huo ni upako. Ukilia kitandani kwako hosteli saa nane za usiku utaletewa watu watatu waje wakemee roho ya huzuni, na asubuhi kwa devosheni utaombewa kwa jina.

Mimi nilikuwa atachimenti ya ukasisi hospitalini, yaani mazoezi ya kuhudumia wagonjwa kiroho, wodi ya watoto. Fomu ya ripoti ina nafasi za umeombea wangapi, waliookoka wangapi, na changamoto (hapo watu huandika nauli). Kuhusu wewe mwenyewe umerudi vipi, hakuna hata kamstari. Kulikuwa na mtoto mmoja wametoka naye Mariakani, mamake alinishika mkono asubuhi nikaomba naye, jioni napita namkuta anakunja leso na kile kitanda kishatandikwa shuka ya mtu mwengine. Nikasema yale maneno yetu yote. Nikashuka, nikanunua viazi karai pale nje, nikala, nikapanda matatu. Sikusikia kitu. Wiki zikaenda bado sisikii kitu, ila usingizi ukakatika, na ile barabara ya hospitali nikawa siipiti, nazunguka na mbali nachelewa na mwalimu ananiandika mchelewaji. Kwa ripoti niliandika Mungu alitenda, na nikapata A.

Ndo nikapanda zile ngazi.

Kaunsela ni mama wa makamo, sote twamwita Madam. Ni mkristo, hafichi, lakini hakuhubirii. Ana sheria moja anakwambia mlangoni, dakika kumi za kwanza hakuna mstari wa biblia. Nilidhani ni mzaha. Nikaketi nikaanza, Madam unajua kama Paulo anavyosema Warumi nane ishirini na nane, akaniinulia mkono. "Mtumishi, Paulo nitamsikiliza baadaye. Sasa hivi nataka wewe." Nikanyamaza. Feni inazunguka, chini saluni wamefungulia redio, na mimi mtu wa kuhubiri dakika arobaini bila karatasi sina la kusema. Akaniacha hivohivo. Wengine wangejaza ile kimya na mawaidha, yeye akamimina maji kwa gilasi akanisogezea. Mwisho nikasema nimechoka, akauliza uchovu unausikia wapi, nikaona swali la kipuuzi, halafu nikagundua nimejishika kifua tangu niketi.

Hapo mjue hakatazi biblia, anakataza kujifichia humo. Baada ya zile dakika kumi anaifungua yeye mwenyewe, na anaisoma vizuri kushinda walimu wetu baadhi, samahani. Tulisoma 1 Wafalme 19, nabii Eliya chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mahubiri yote nimeyasikia ya hiyo sura yanakimbilia ile sauti ndogo ya utulivu pangoni. Yeye alinizuia kwa aya ya tano mpaka ya saba. Malaika anakuja na mkate uliookwa na gudulia la maji, Eliya anakula anarudi kulala, malaika anakuja tena, kula, safari ni kubwa mno kwako. Hajakemewa. Hajaambiwa akiri ushindi. Akaniuliza mara ya mwisho nilikula chakula cha mchana nikiwa nimeketi ni lini.

Kuna sesheni nilimletea Krapf. Sijui kwanini, labda nilikuwa nataka kuonekana nimesoma. Wale hawamjui, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, mmishenari kutoka Ujerumani aliyetumwa na CMS, chama cha umisheni cha Waanglikana wa Uingereza, na Julai mwaka huohuo mkewe Rosine akafa na kitoto chao kichanga kikafa, siku chache tu, yeye mwenyewe ana homa kali. Wakazikwa upande wa bara, huko Nyali. Historia ya kanisa tunafundishwa hapo hapo kwamba aliandika barua kwa waliomtuma kuwa sasa kuna kaburi pwani ya Afrika Mashariki na hiyo ni dalili kazi imeanza, na hii barua ndo mfano wa mahubiri wa kila mwaka, kila darasa, mtumishi hatazami nyuma. Nikamweleza Madam na sauti ya mimbari kabisa. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Hiyo barua aliandika baadaye. Usiku wenyewe alilala wapi?"

Sikuwa na jibu, na darasani hakuna aliyewahi kuuliza. Twapewa kaburi, twapewa barua, usiku hatupewi. Nikaanza kusema kuhusu yule mama wa Mariakani na zile leso, na ndo siku niliyolia, yaani kulia kwenyewe si machozi mawili ya ibada. Katikati adhana ya alasiri ikaita msikiti wa jirani, tukasimama kidogo kusikiliza, tukaendelea. Haikuwa vibaya.

Kazi za nyumbani anatoa. Ile iliyonikaa ni ya Zaburi. Sisi Agano la Kale twasoma zaburi za maombolezo kwa muundo wake, mwito, malalamiko, ombi, tumaini, sifa, na kwa mtihani ukipanga hizo hatua unapata alama zako, lakini kuomba hivo hatuombi. Akanituma nikasome ya 88, ambayo haina ile kona ya mwisho ya kumsifu Mungu, inaishia gizani hivohivo na bado iko kwa biblia, hakuna aliyeitoa. Niandike yangu, na aya ya mwisho ya sifa nisiiweke mpaka iwe kweli. Hiyo ni ngumu kuliko insha ya kurasa ishirini, nawaambia. Mkono wenyewe unataka kuandika lakini nitakutumaini.

Anakupa na karatasi ya kusoma, kopi ya pale chini, imeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Kuna habari ya mwanasaikolojia Daniel Wegner, 1987, watu waliambiwa wasiwaze dubu mweupe, wakamuwaza, na walipoachiliwa baadaye wakamuwaza zaidi ya wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kuna James Gross na Robert Levenson, 1993, watu wanaonyeshwa filamu ya kuchukiza wengine wakiambiwa wasionyeshe kitu usoni, uso ukatulia lakini ndani mwili ukafanya kazi zaidi, mishipa ya damu na jasho la ngozi. Yaani nabarikiwa ya usoni inalipiwa mahali pengine. Halafu kuna John Welwood, huyu aliandika 1984 juu ya watu wanaotumia mambo ya kiroho kukwepa maumivu yao, na hapo nilishtuka manake alikuwa anaongea kuhusu watu wa kutafakari wa njia ya Kibudha, si sisi, na bado ilikuwa sisi. Mwenzangu mmoja aliiona hiyo karatasi akasema mbona tuletewe Wabudha. Nikamwambia soma kwanza. Hajasoma.

Na kuna Anton Boisen. Huyu alikuwa mchungaji Marekani, akaugua akili mpaka akalazwa, na alipopata nafuu akaanza 1925 kuchukua wanafunzi wa theolojia kuwapeleka hospitali ya Worcester huko Massachusetts, wakae na wagonjwa, wajifunze kwao, na wajiangalie na wao wenyewe yanawafanya nini yale wanayoyaona. Mafunzo ya ukasisi wa hospitali ya siku hizi yametoka hapo. Hapa Kenya shule ya wachungaji ilianzishwa Frere Town 1903, hapa hapa ng'ambo ya daraja, kabla kuhamishiwa Limuru 1930 (ndo St Paul's ya leo), kwa hivyo mambo ya kufundisha mchungaji hatukuanza jana. Lakini chuoni kwetu somo la ushauri wa kichungaji unafundishwa kuketi upande mmoja tu wa meza, upande wa mwenye majibu. Ni kufundishwa kuogelea kwa chokaa ubaoni halafu upelekwe baharini ukaokoe watu.

Sasa sesheni za kikundi, hapa ndo nina maneno.

Chuo chetu kilifanya mpango mzuri, nakipongeza, darasa zima tupelekwe Ijumaa na chuo kilipe. Tukaenda. Na mwalimu wetu akaja, akaketi na sisi kwa duara. Madam akauliza wiki imekuwaje, ikazunguka duara nzima, nabarikiwa, namshukuru Mungu, ni kwa neema, nabarikiwa, mpaka ikafika kwa Madam mwenyewe. Nani atasema haoni raha ya kuomba miezi mitatu wakati anayemwandikia barua ya kupendekezwa kwa askofu ameketi viti viwili kando? Ijumaa iliyofuata Madam akamwomba mwalimu kwa heshima zote angojee nje, akaletewa chai na kaimati, akakubali na uso si mzuri. Na hiyo ndo Ijumaa watu walisema. Ndugu mmoja wa kutoka upande wa Malindi akazungumza juu ya Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa. Mwajua, tangu 2023 maiti zikafukuliwa zaidi ya mia nne, na yeye ndo amejiunga na chuo, na babake alimuuliza mbele ya wajomba, na wewe waenda kusomea kutuua kwa njaa? Kila akipanda matatu na biblia anaiweka kwa mfuko. Ana aibu ya kitu hakukifanya na ana hasira kwa Mungu na ana hofu kwamba siku moja na yeye atakuwa na watu wanaomtii kila analosema. Hayo yote alikuwa nayo karibu mwaka na nusu na tulikuwa tunalala chumba kimoja. Mimi nilijua tu anapenda mpira.

Kwa hivyo kikundi, bila mwalimu, chapa nyota tano. Na mwalimu ndani, msipoteze nauli.

Halafu ile fomu. Ukilipiwa na chuo unajaza fomu ya kurasa mbili, na ukurasa wa pili, chini, herufi ndogo, kuna sehemu unaruhusu kituo kutoa muhtasari kwa anayelipa. Wengi walitia sahihi bila kusoma, tumezoea kutia sahihi. Nilipomuuliza Madam akaniambia muhtasari wake huwa ni mahudhurio tu, fulani alikuja, fulani hakuja, na chuo kiliwahi kuomba aandike nani anafaa kuwekewa mikono, yaani kufanywa mchungaji, na nani hafai, akakataa. Namwamini. Lakini mbona basi ile sentensi iko? Leo yupo yeye, kesho yupo mwengine anayetaka kumpendeza mwenye hundi. Hii nimemwambia usoni na hapa nairudia, hicho kipengele kiondolewe ama kiandikwe wazi ni mahudhurio peke yake. Mtu anayejua anayosema yatafika kwa atakayemwekea mikono atakupa ushuhuda, hatakupa moyo wake, na hapo hata ungemleta kaunsela bora duniani mtaishia kwa nabarikiwa. Mimi kwa hilo nililipa mwenyewe. Kuna dada mmoja wa mwaka wa kwanza, hana, analipa mia mbili mia mbili na wanamkubalia, kwa hivyo ulizeni kabla hamjakata tamaa.

Siri yenyewe ina mipaka na anakutajia siku ya kwanza, ukiwa hatarini kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, mtoto anadhulumiwa, ama mahakama ikiagiza. Hiyo ni haki na iko kila pahali penye kazi safi. Cheti chake kiko ukutani. Na huko kwengine mnakoenda ulizeni pia, manake kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014 na bado kila mtu mwenye meza na boksi la tishu anajiita kaunsela, na baadhi wana kanisa palepale.

Mabaya mengine. Ukuta kati ya chumba cha pili na cha tatu ni mbao, ukipangiwa chumba cha pili ongea chini ama omba ubadilishiwe. Dada wa mapokezi ni mchangamfu lakini anaita watu kwa sauti, "Pasta! Zamu yako Pasta!", na mapokezi yamejaa watu, nimemwambia kwa upole aite namba. Choo kina ufunguo na ufunguo uko kwa saluni, msiniulize. Februari na Machi lile joto feni haitoshi, chukua asubuhi. Madam mwenyewe saa ingine anachelewa, na akichelewa hafidii dakika zako zote.

Pia si wa kila kitu. Kuna jamaa alienda akiwa hapati usingizi kabisa na anasikia sauti, Madam hakujaribu ushujaa, alimwelekeza hospitali ya Port Reitz waliko na wodi ya akili na akaongozana naye mpaka steji. Baadhi ya wenzetu walisema angefungiwa maombi kwanza. Anakunywa dawa sasa na maombi anaombewa, na mwezi uliopita alisoma somo la Agano Jipya kwenye ibada bila shida.

Mimi usingizi umerudi, si kila usiku. Barabara ya hospitali naipita. Zaburi yangu bado haina ile aya ya mwisho na Madam hajaniharakisha.

Wamama wachungaji, yaani wake wa wachungaji, wana siku yao, Jumatano mchana, hiyo sijui ikoje ila mke wa mchungaji wetu anaenda na hafichi, anapitia mlango wa mbele bila buibui ya kuazima ya kujifichia, anapanda tu. Jumatatu wamefunga. Jumamosi wanafungua saa mbili mpaka saa saba na hujaa, tuma meseji Alhamisi. Ukiambiwa chumba cha pili, sema wataka cha kwanza.